Mimi na Mama Mkwe Kwenye Kisiwa cha Ndege

Siku hizi kila anayeleta kiatu kibandani kwangu haangalii kiatu. Anaangalia kofia. "Mwita, hiyo kofia ilipatwa na nini?" Nimejibu mpaka mdomo umechoka, na kila nikijibu mnacheka kabla sijafika katikati. Sasa nimeandika. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo mkiona kosa mlipite pembeni kama mnavyopita shimo la barabara. Majina ya waliohusika nimeyaweka yote isipokuwa moja, na mtaona kwa nini.

Kwa wale wasiojua nilienda kufanya nini: mke wangu Akinyi alikuwa amerudi kwao Rusinga, miezi mitatu ilikuwa inaisha. Kisa ni kwamba mama yake alitoka huko ziwani akaja Ntimaru kututembelea kwa mara ya kwanza. Nilipomwona anashuka pikipiki langoni, nilitoka kwa dirisha la nyuma nikaingia kwenye mahindi, nikakaa humo mpaka alipoondoka. Mimi nililelewa kwamba hiyo ndiyo heshima. Mama mkwe hatazamwi ovyo. Marehemu baba yangu alipomwona wa kwake sokoni aliingia ndani ya pipa, na watu wakamsifu.

Lakini yeye ni Mjaluo, na alikasirika. Hakugusa hata chai. Kesho yake Akinyi akafunga nguo zake. Neno aliloniachia ni moja: "Nitarudi siku mama atakaposema kwa mdomo wake mwenyewe nirudi."

Haya niambieni. Mtu ambaye huruhusiwi kumtazama utamwombaje msamaha?

Migori: mzee wa mayai

Nilifika Migori asubuhi juu ya lori la ndizi la Chacha. Chacha hana kosa, namwondoa kwenye orodha ya wakosaji.

Pale stendi utingo mmoja alinishika mkono. "Mzee, Homa Bay? Imebaki kiti kimoja tu. Panda tuende." Nikachungulia. Kweli gari lilikuwa limejaa, watu wametulia, mizigo mapajani. Nikapanda mbio kabla mwingine hajaninyang'anya bahati.

Niliketi kando ya mzee wa heshima, koti limefungwa vifungo vyote. Jina lake Nyangweso. Mkosaji wa kwanza huyo, andikeni. Aliniuliza naenda wapi na kwa nini, na mtu anayekwenda kuomba msamaha huwa amejaa maneno, nikammwagia yote. Mahindi, dirisha, chai isiyoguswa. Alinisikiliza vizuri kuliko padri.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Lakini usijali. Tukifika Homa Bay nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka kwa gari la Mbita."

Nikatoa mayai yangu ya kuchemsha nikampa mawili. Akala. Nikampa la tatu. Saa nzima ikapita na gari liko palepale.

"Kwani tunangoja nini na gari imejaa?"

"Dereva anamaliza chai," akasema Nyangweso.

Akaja mama mmoja na begi. Utingo akagonga bati, kijana wa mbele akashuka, mama akaketi. Akaja mwingine, mwingine akashuka. Nikafikiri wanakwenda haja, nikawahurumia, nikasema labda wamekula kitu kibaya pamoja. Mwisho akaja bwana mwenye mkoba. Nyangweso akasimama, akapangusa maganda ya mayai kwenye koti, akanipa mkono.

"Safari njema, Mwita. Msalimie mama mkwe."

"Wewe huendi?"

"Mimi? Mimi nafanya kazi hapa."

Kazi yake ni kukaa! Amewekwa kujaza kiti ili mjinga wa Ntimaru aone gari limejaa. Nilipopanda, abiria wa kweli nilikuwa mimi peke yangu, wengine wote walikuwa kazini. Gari lilipotoka nilimwona kwa dirisha, ameshaingia gari la Kisii, ameketi kando ya mama mmoja mwenye kikapu, anatikisa kichwa kwa huruma. Mama alikuwa anamenya ndizi.

Homa Bay: kitu kinachoelea

Mimi nimekulia kwenye milima na mahindi. Maji mengi niliyowahi kuyaona pamoja ni ya mto, na mto una ukingo wa pili. Ziwa pale Homa Bay halikuwa na ukingo wa pili. Niliketi chini kidogo.

Karibu na stendi kuna duka la vyombo la Athmani, mfanyabiashara kutoka Lamu. Kiswahili chake kimepigwa pasi, mpaka unaona haya kufungua mdomo.

"Karibu, mzee wangu. Nikusaidie nini?"

"Nataka kitu kinachoelea."

"Kinachoelea vipi, bwana?"

"Kama mimi niko ndani ya maji, na sitaki kuwa ndani ya maji."

Akafikiri. "Boya sina. Lakini mtungi mtupu wa plastiki, ukiufunga mfuniko vyema, hauzami. Na aliyeushika hazami."

"Nipe miwili."

"Miwili ya nini, na wewe ni mmoja?"

"Mmoja wangu. Mwingine wa mawazo niliyobeba."

Akacheka, akanifungia kamba begani, mtungi wa manjano huku, mtungi wa manjano kule. Nilitembea Homa Bay kama punda wa maji. Mama mmoja wa hoteli aliniita mara mbili, akaniuliza kwa ukali mbona nimechelewa na maji yake. Athmani simweki kwenye wakosaji. Alichosema ni kweli, mitungi inaelea. Kilichotokea kwa mitungi si shauri lake.

Rusinga: zawadi

Shemeji yangu Okoth, kaka ya Akinyi, alinipokea Mbita tukavuka daraja kwenda kisiwani. Okoth ni fundi wa vitu vyote asivyovijua. Ametengeneza redio ikawa inatoa moshi. Mkosaji wa pili.

Nyumbani kwao niliwekwa kwenye kibanda cha Okoth, karibu na lango, mbali na nyumba ya mama. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa. Mimi nikageuza kiti nikaangalia ukuta, kwa heshima.

Akinyi akaja akasimama nyuma yangu.

"Umefika."

"Nimefika. Robi anakuulizia kila siku." Robi ni binti yetu mkubwa.

"Nilisema mama aseme kwa mdomo wake."

"Nilisikia."

"Basi," akasema. Lakini hakuondoka haraka. Alisimama kidogo, na nilipogeuka alikuwa anatazama kola ya shati langu, ile aliyoishona yeye, uzi umeanza kutoka.

Alipoondoka aliondoka na mitungi yangu.

Okoth akaingia anacheka. "Shem, wewe ni mtu wa akili! Mama amepokea zawadi. Alikuwa anataka mitungi siku nyingi."

Ningesema nini? Ningesema rudisheni, hiyo si zawadi, hiyo ni uhai wangu? Nikasema karibuni.

Asubuhi hakuna neno lililotoka kwa mama. Nikamwuliza Okoth, "Sasa nifanyeje?"

"Mama bado anafikiri. Wacha afikiri. Wewe twende nikupeleke Kisiwa cha Ndege. Nataka kuanza biashara ya watalii, wewe utakuwa mtalii wangu wa kwanza. Hakuna mtu anaishi huko, ni ndege tu. Wazungu wanapenda sana."

"Mimi si Mzungu na naogopa maji."

"Shem. Unakataa shemeji yako, kwa boma yetu, na kesi bado iko mezani?"

Hapo alinishika pabaya. Nikaenda.

Ziwani: turubai lililokohoa

Boti ya Okoth ni ya mbao, ndefu, injini moja nyuma. Mimi aliniweka karibu na injini. Mbele kabisa kulikuwa na rundo limefunikwa turubai la bluu, na kando yake mtungi mmoja wa manjano, wangu, umejazwa maji. Kitu cha kunifanya nielee sasa kilikuwa kinasaidia boti kuzama.

Tulienda mpaka nyumba za Rusinga zikawa ndogo kama misumari ya viatu. Nilikuwa nimeshika mbao kwa mikono miwili, naomba kimoyomoyo. Ndipo turubai likakohoa.

"Okoth," nikasema. "Turubai limekohoa."

"Ah, huyo ni mama. Anaenda Mfangano, mkutano wa akina mama wa kanisa."

Jamani. Niligeuka kwa nguvu mpaka boti ikalala upande. Nikabaki naangalia nyuma, pua karibu na injini, moshi wote unaingia ndani yangu. Yeye mbele akavuta kitambaa usoni. Hakuna mahindi ziwani. Hakuna dirisha. Nilitazama maji nikapima, nikaona ningekuwa na mitungi yangu ningeruka.

Injini ikapunguza sauti.

"Shem, petroli imekuwa kidogo," Okoth akasema. "Nikiwabeba wote haitafika. Nawashusha hapa Kisiwa cha Ndege, boti iwe nyepesi, nakimbia kutafuta. Dakika kumi."

"Mshushe mmoja!"

"Nani?"

Nikishuka mimi, nimemkimbia mama mara ya pili. Akishushwa yeye, nimemtupa kisiwani. Tukashuka wote, yeye kwa upande wake, mimi kwa wangu, kama watu wawili wasiojuana waliokutana kwa choo cha stendi.

Kisiwani: kesi

Mnataka kujua kisiwa kilivyo. Ni mawe na miti michache, na vyote ni vyeupe, si kwa rangi ya Mungu bali kwa mavi ya ndege. Kukizunguka ni muda wa kushona soli moja. Ndege ni wengi kuliko watu wa siku ya soko: weupe wenye miguu ya fimbo, wakubwa wa kuvua samaki, na hasa wale weusi wa shingo ndefu wanaosimama mabawa wazi kama koti lililoanikwa. Athmani aliniambia baadaye wanaitwa mnandi. Harufu ilinifanya niikumbuke gundi ya viatu kwa upendo.

Katikati kulikuwa na jiwe kubwa. Mama mkwe akaketi nyuma ya jiwe upande wa jua, amebeba kikapu na mwavuli. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Hilo la mwavuli nilipaswa kulifikiria palepale, lakini sikufikiri. Mimi nikaketi upande wangu, mgongo kwa jiwe. Juu ya jiwe alisimama mnandi mmoja, mabawa wazi.

Dakika kumi za Okoth zikaisha. Zikaisha tena. Simu yangu ilikuwa imekufa tangu Homa Bay. Mara nikasikia mama anaongea Kijaluo, polepole, kwa sauti ya chini, na kila mara anataja "Okoth... Okoth." Kijaluo changu ni cha kusalimia tu. Nikajua anamwombea mwanawe, labda amezama. Nikavua kofia. Alipotua nikasema kwa sauti, "Amina," nikavaa kofia.

Nyuma ya jiwe nikasikia kama mtu anayezuia chafya, kisha maneno machache tena ya Kijaluo.

Jua likazidi kuwaka. Koo langu likakauka. Ndipo akaongea Kiswahili, si kwangu.

"Wewe ndege," akasema. "Muulize huyo mtu kama ana kiu."

Niliangalia juu. Mnandi aliniangalia. Nikaona ni njia nzuri, maana hakuna aliyevunja heshima, kila mtu anaongea na ndege.

"Ndege, mwambie mama asante. Mtu hana kiu."

"Ndege, mwambie namsikia akimeza mate mpaka huku."

Mtungi wangu wa manjano ukaja ukibingirika kando ya jiwe. Nikanywa kama ng'ombe. Baadaye akaweka chakula juu ya jiwe dogo, akarudi nyuma, ndipo nikaenda kuchukua: ugali wa wimbi na ngege mzima wa kukaanga, macho yapo. Sisi huku samaki tunamjua kwa kuambiwa. Nikamtafuna kama muwa. Mwiba ukasimama kooni.

"Ndege!" akaita mama. "Mwambie ameze tonge la ugali bila kutafuna! Kubwa!"

Nikameza. Ukashuka. Machozi yakanitoka, na sijui kama yote yalikuwa ya mwiba.

"Ndege," akasema, na sauti sasa ilikuwa nyingine, "muulize huyo mtu. Mimi nilipanda magari matatu na pikipiki kwenda kuona mahali binti yangu analala. Nilibeba samaki wa omena waliokaushwa vizuri. Kwa nini alinitoroka kama nimeleta ukoma?"

Nilivuta pumzi. Miezi mitatu nilikuwa nimepanga maneno hayo kibandani, nikigonga misumari. Nikafungua mdomo, na mnandi akaruka akaenda zake. Huyo naye ni mkosaji, jina silijui.

Tukabaki bila mtu wa kupitishia maneno. Sikuthubutu kusema na hewa. Akatua ndege mweupe.

"Sasa huyu, mama..." nikaanza.

"Huyo hakusikia mwanzo wa kesi," akasema mama.

"Tumwelezee?"

"Tumwelezee."

Tukaanza upya, jamani. Magari matatu, pikipiki, omena, yote. Ndege mweupe alikuwa msikivu, alisimama kwa mguu mmoja. Na mimi nikamwambia kila kitu: baba yangu na pipa, jinsi tulivyofundishwa kwamba mkwe akija mwanamume anajificha, na kadiri anavyojificha mbali ndivyo heshima inavyozidi. "Ndege, mwambie mama sikumkimbia kwa chuki. Niliingia kwenye mahindi mpaka mstari wa mwisho, mpaka shamba la jirani. Mtu nisiyemheshimu ningeishia mstari wa pili."

Mama akajibu kutoka upande wake.

"Ndege, mwambie kwetu pia tunaheshimu. Lakini kwetu mtu anasimama mbali, anaangalia chini, anasema karibu mama. Basi. Mimi kwenu sikuona mtu. Niliona dirisha, na ndani ya dirisha matako yamekwama. Suruali ya kahawia, kiraka cha kijani."

Sikuwa nimewaambia hilo la kukwama. Sasa mmejua.

"Ndege," nikasema kwa sauti ndogo, "mwambie dirisha lile ni jembamba."

"Yalikwama muda mrefu," akasema mama. "Nilikaa nikitazama. Nikajiuliza, nimsukume?"

Na hapo akacheka. Mama huyo ni mtu mkubwa, na kicheko chake ni cha mtu aliyezoea kuitana na watu walio katikati ya ziwa. Kililipuka kama bati likianguka. Ndege wote wa kisiwa kile, weupe, weusi, wote, wakaruka kwa mara moja. Jua likafifia. Na ndege akishtuka, kwanza anapunguza mzigo.

Nyuma ya jiwe nikasikia mwavuli ukifunguka. Paa!

Mimi nilikuwa na kofia.

Kurudi

Saa kumi Okoth akaja, injini inaunguruma kwa afya njema, na mbele ameketi Akinyi. Alinitazama kuanzia juu. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakatetemeka.

"Petroli ulipata wapi?" nikamwuliza Okoth.

"Petroli ilikuwepo, shem." Hakuona hata aibu. "Akinyi alisema niwaache saa moja tu. Lakini saa sita mama akanipigia simu, akasema nisije, bado hamjafika kwa dirisha. Akasema hata umeitikia Amina."

Akinyi ni mkosaji wa tatu, ukiondoa ndege. Anaisoma hii ninapoandika, na anasema niondoe. Siondoi.

Mama akapanda kwanza, uso kwa ziwa. Akinyi akamwuliza kitu kwa Kijaluo. Mama angeweza kujibu kwa Kijaluo, lakini alisema Kiswahili, polepole, ili hata mtu wa mahindi asikie.

"Akinyi, nenda nyumbani na mtu wako. Na dirisha lile mlipanue."

Nilikaa karibu na injini, nikaangalia nyuma, nikavuta moshi wote wa Okoth, na ulikuwa moshi mtamu.

Tulipita Homa Bay, Athmani akaniuliza kama mitungi ilisaidia, nikamwambia mmoja uliniokoa lakini si kwa kuelea. Stendi ya Migori nilimtafuta Nyangweso nimpe maneno yake. Nikamkuta ndani ya gari lililojaa, akaniona na Akinyi, akasimama akapiga makofi, na wale wenzake wote wa kujaza viti wakapiga makofi pia. Kumbe aliwasimulia. Hasira ikaniisha nusu.

Mkosaji mkubwa, aliyeleta mwavuli siku ya jua na samaki wa watu wawili kwenye kikapu cha mtu mmoja anayekwenda mkutanoni, nimemwacha bila jina. Jina la mama mkwe halitajwi. Angalau hilo sisi na wao tunakubaliana.

Alikuja Jumapili iliyopita. Nilisimama mbali, nikaangalia chini, nikasema karibu mama. Halafu tukakwama, maana mazungumzo marefu hatujui kuyafanya bila ndege, na Ntimaru hakuna mnandi. Akinyi akamfunga jogoo kwa kamba kwenye mguu wa meza, mama upande ule, mimi upande huu. Tuliongea mpaka jioni.

Kwa hivyo acheni kuniuliza jogoo yule nitamchinja lini. Ana kazi. Na kofia sifui.